Kamera mkononi mwa kijana mweusi: fotovoisi, picha na maandishi, au albamu ya nyumbani?

"Kule kwetu nilikuwaka Mubembe. Hapa ndiyo banasema niko Mweusi."

Aliyesema hivyo ni kijana wa miaka 15 wa kabila la Wabembe wa Kongo, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kentucky, na aliyatamka maneno hayo kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Pembeni yake alikaa mwenzake wa darasa, Mmarekani Mweusi ambaye wazee wa wazee wake wamezikwa jimbo hilihili. Huyo hakuwahi kuwa kitu kingine. Nilikuwa nimewaomba kila mmoja apige picha moja ya kuonyesha yeye ni nani, na wote wawili walirudi na picha za viatu vyao.

Sikuwalaumu. Nilikuwa nimewatupia swali zito bila kuwapa pa kulishikia. Tangu siku ile nimejaribu njia tatu za kutumia picha na vijana weusi, na ya nne nimeiona kwa wenzangu wa kanisa jirani. Wazazi na viongozi wa vijana, wengi wao Waswahili wa huku Marekani, huniuliza waanze na ipi. Naziweka hapa zikitazamana, na sitaficha ninayoipendelea.

Kabla ya kuchagua

Kijana mweusi anayeshika kamera Marekani anaingia kwenye kazi ya zamani sana. Frederick Douglass, mpinga utumwa aliyezaliwa mtumwa Maryland, ndiye Mmarekani aliyepigwa picha nyingi kuliko wote katika karne ya 19. Zinazojulikana leo ni takribani 160. Tafuta hizo picha umwangalie usoni. Hatabasamu. Vikaragosi vya siku zake vilimchora mtu mweusi akikenua meno, naye akahakikisha uso wake unasema jingine. Sojourner Truth, mwanamke mpinga utumwa aliyewahi kuwa mtumwa, aliuza picha zake ndogo za kadi ili apate riziki. Mwaka 1900 W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alipeleka kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Paris albamu zenye picha 363 za watu weusi wa Georgia, wamevaa vizuri, wametulia, wanamtazama mpigaji bila woga. Na mwaka 1963 wapiga picha weusi wa New York walipoanzisha chama chao walikiita Kamoinge, neno la Kikuyu lenye maana ya kikundi cha watu wanaofanya kazi kwa pamoja. Ukiwa na mtoto wa Kikuyu kikundini mwambie hilo siku ya kwanza.

Sasa, tunaposema tunataka picha zimsaidie kijana kujitambua kama mtu mweusi, tunataka nini hasa? Mwanasaikolojia William Cross aliandika mwaka 1971 kwamba mtu mweusi wa Marekani hupita hatua. Mwanzoni rangi haimshughulishi. Kisha linatokea jambo linalomtikisa, neno la mwalimu au askari. Halafu anazama katika kila kilicho cheusi, mwisho anatulia na kujikubali bila kulazimika kumthibitishia mtu. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Robert Sellers na wenzake wakaongeza tofauti ambayo kwangu imekuwa ufunguo: kuna namna kijana mwenyewe anavyowathamini watu weusi, na kuna namna anavyodhani watu wengine wanawathamini. Ni vitu viwili. Kijana anaweza kujua fika kwamba dunia inawadharau watu wake na bado yeye akawapenda na kujivunia kuwa mmoja wao. Ya kwanza naiita heshima ya ndani, ya pili heshima ya nje.

Nilichojifunza, kwa gharama, ni kwamba njia hizi za picha hazifanyi kazi mahali pamoja. Nyingine inashughulika na ndani, nyingine na nje. Ukichanganya mpangilio unamuumiza mtoto.

Jambo moja zaidi linawahusu watoto wetu hasa. Mtoto Mmarekani Mweusi wa jiji la Louisville ameambiwa tangu utotoni afanye nini akisimamishwa na polisi. Mtoto aliyetoka Fizi au Uvira, huko Kongo, kupitia Nyarugusu hakuambiwa, kwa sababu wazazi wake hawakujua. Tena nyumbani mara nyingi anasikia, "Sisi si kama wale." Nimewahi kuisikia kauli hiyo mezani kwangu mwenyewe. Mtoto anaichukua, anafika shuleni, anagundua kwamba askari, mwenye duka na hata mwalimu hawaoni tofauti yoyote kati yake na "wale". Hapo anabaki hana watu. Picha zisipogusa jeraha hilo, tunapoteza muda.

Fotovoisi: picha inayodai kusikilizwa

Hii ndiyo inayojulikana zaidi, na ukiomba fedha kwa wafadhili ndiyo watakayoitambua. Iliasisiwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipowapa kamera wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, wapige picha za maisha na kazi zao. Misingi yake ni mafundisho ya Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil, fikra za watetezi wa haki za wanawake, na upigaji picha wa kumbukumbu. Wang baadaye alifanya kazi hiyohiyo Flint, Michigan, vijana wakiwa miongoni mwa washiriki.

Washiriki wanapiga picha, wanachagua chache, wanakaa duara na kuzijadili kwa maswali matano: Tunaona nini hapa? Kinachotokea hasa ni nini? Kinahusianaje na maisha yetu? Kwa nini hali hii ipo? Tufanye nini? Kisha picha na maelezo yake vinapelekwa mbele ya watu wenye uwezo wa kubadilisha jambo. Hatua hii ya mwisho ndiyo uti wa mgongo. Bila hiyo umefanya mashindano ya picha.

Nguvu yake ni swali la nne. Kijana anayedhani mtaa wake ni mchafu kwa sababu watu weusi ni wachafu anapoulizwa "kwa nini hali hii ipo?" analazimika kutafuta. Anakuta habari za benki zilizokuwa zikikataa kuwakopesha watu weusi, barabara kuu zilizopitishwa katikati ya mitaa yao, mabasi yaliyopunguzwa. Aibu aliyokuwa ameibeba inahama. Nimeliona hilo likitokea usoni mwa mtoto, na sitalisahau.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Mara ya kwanza nilipoitumia, vijana waliniletea taka, madirisha yaliyovunjika, gari la polisi, duka lililofungwa, taka tena. Nilikuwa nimewaambia wapige picha za "maisha ya mtu mweusi hapa", nao wakapiga kile walichodhani watu wazima wanataka kukiona. Ukutani yakapangwa masaibu matupu. Binti mmoja aliyatazama yote kwa pamoja akauliza kama hakuna kizuri chochote kwetu. Tukafanya maonyesho. Wageni tuliowaalika kutoka ofisi zenye mamlaka hawakutokea hata mmoja. Wazazi walikuja, wakala sambusa, wakasifia. Vijana walijua tofauti. Walikuwa wameahidiwa masikio, wakapewa makofi.

Kwa lugha ya Sellers, tulikuwa tumewaonyesha kwa ushahidi wa macho yao wenyewe kwamba heshima ya nje ni ndogo, kabla hatujajenga ya ndani. Kosa lilikuwa langu, fotovoisi haina hatia. Ila ni njia inayotaka miezi, si wiki, na inataka mtu mwenye madaraka aliyekubali mapema, kwa tarehe, kwamba atakuja kusikiliza.

Picha na maandishi: kijana mbele ya kamera na nyuma yake

Mpiga picha Wendy Ewald alianza kuwapa watoto kamera mwaka 1969 katika jamii ya wenyeji asilia nchini Canada, akaendelea na watoto wa milima ya Appalachia, hapahapa Kentucky. Baadaye, akiwa na Chuo Kikuu cha Duke huko Durham, North Carolina, alijenga utaratibu wa kufundishia kusoma na kuandika kwa picha. Mada zake ni nne: mimi, familia, jamii yangu, ndoto zangu. Mtoto anaandika kwanza, anapanga picha kichwani, anapiga, kisha anaandika tena kutoka kwenye picha. Utaratibu huu ulifika mpaka Arusha, ambako tangu 2008 walimu wa shule za msingi wameutumia katika madarasa yenye wanafunzi wengi na kamera chache. Kwa hiyo mwalimu wa Kitanzania akikuambia anaujua, mwamini.

Kinachonivutia hapa ni kule kupanga kabla. Simu imewazoesha watoto kupiga mara 40 na kufuta 39. Ukimwambia ana picha tatu tu, na aandike kwanza kila moja itakuwa na nini, anaanza kufikiri kama Douglass: nisimame wapi, nivae nini, nitabasamu au nisitabasamu, nani awe pembeni yangu. Baadhi ya wenzangu hununua kamera za kutupa zenye picha 27 kwa sababu hiyohiyo. Mimi naona simu inatosha, sheria ndiyo iwe kali.

Katika miaka ya 1990 huko Durham Ewald aliwaomba wanafunzi, weusi kwa weupe, waandike na kujipanga kwa picha kama wao wenyewe, halafu kama mtu wa rangi ile nyingine. Hata filamu waliichora na kuiandika juu. Ni zoezi kali na limezaa kazi za ajabu. Mimi silifanyi. Kwa kijana aliyeanza kuitwa Mweusi mwaka jana, kumwomba ajifanye mzungu ni kumtoa nje ya nyumba kabla hajaonyeshwa vyumba. Mwenye kikundi cha vijana wakubwa, waliozoeana, rangi mchanganyiko, na mwezeshaji mwenye uzoefu, afikirie.

Kwa watoto wanaojifunza Kiingereza njia hii haina mshindani. Sentensi tatu chini ya picha yako mwenyewe ni nyepesi kuliko insha ya ukurasa. Acha waandike Kiswahili kwanza. Binti mmoja aliandika chini ya picha ya nywele zake zikisukwa: "Hapa mama hanikaripii." Ukijaribu kulipeleka hilo kwa Kiingereza, nusu ya joto lake inapotea.

Udhaifu wake: inaweza kuishia kwenye uzuri. Picha nzuri, maneno matamu, na neno "ubaguzi" halijatajwa wiki nane nzima. Anayeiongoza lazima awe na ujasiri wa kuuliza maswali magumu, kwa sababu utaratibu wenyewe haumlazimishi kama yale maswali matano ya fotovoisi.

Albamu ya nyumbani: kuanzia kwa waliotutangulia

Hapa kijana hapigi picha kwanza. Analeta. Anachukua picha ya zamani, anakaa na bibi au mama, anauliza, anarekodi. Watafiti wamejua siku nyingi kwamba picha mkononi hufungua mdomo. Mwanaanthropolojia John Collier aliandika kuhusu mahojiano ya namna hiyo mwaka 1957, akieleza jinsi watu walivyoongea kwa kirefu zaidi na kwa uhakika zaidi. Sisi tunalijua bila kuandikiwa. Mpe bibi picha ya harusi uone kama utaondoka kabla ya chai ya pili.

Kwa mtoto wa Kimarekani Mweusi hii ni hazina. Nyumba nyingi zina boksi la viatu lililojaa: babu na sare ya jeshi, shangazi siku ya mahafali, familia yote na nguo za Pasaka mbele ya gari jipya. Mtoto anayezitazama anaona watu weusi wakiwa na heshima zao bila kumwomba mtu ruhusa. Hiyo ni heshima ya ndani, inakuja bila hotuba.

Kwa watoto wetu waliotoka kambini kuna tatizo ambalo vitabu vya Marekani havilitaji: albamu haipo. Iliungua, ilitupwa njiani, ilibaki na jirani aliyekimbilia upande mwingine. Wiki ya kwanza niliyojaribu njia hii, vijana wa Kimarekani walikuja na picha sita sita, na wale wa Nyarugusu wakaja mikono mitupu wakakaa nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliwaumiza kwa kutofikiri.

Tulilirekebisha hivi. Tulisema kila mtu alete kitu, si picha. Kikaja kitenge. Ikaja sufuria iliyovuka Ziwa Tanganyika. Ukaja ule mfuko mweupe wa plastiki wenye maandishi ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao familia nyingi za wakimbizi hubebea nyaraka zao uwanja wa ndege. Wazazi wengi bado wanautunza kabatini kama cheti. Kijana anakipiga picha kitu hicho kikiwa mikononi mwa mama, anamrekodi mama akikieleza. Wengine waliomba jamaa walioko Bujumbura au Kigoma watume picha kwa WhatsApp, na zikaja nyuso ambazo watoto hawakuwahi kuziona. Albamu ikaanza upya hapohapo.

Kisha likatokea ambalo sikulipanga. Yule kijana Mmarekani alileta picha ya familia yake wakiwasha mishumaa ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi aliyoianzisha Maulana Karenga mwaka 1966. Akasoma nguzo zake saba kwa sauti: umoja, kujichagulia, ujima... Mwenzake wa Nyarugusu akamkatiza: "Hiyo ni lugha yangu." Wakatazamana. Bibi wa mmoja alikuwa akitunza maneno ya bibi wa mwingine. Siku hiyo "sisi" na "wale" vilipungukiwa nguvu ukumbini kwetu kuliko siku nyingine yoyote.

Inachokosa njia hii ni mdomo wa kuongea na serikali. Haibadilishi ratiba ya basi wala sera ya nidhamu shuleni. Tena boksi la viatu likifunguliwa huweza kutoka na msiba. Panga mtu mzima wa kukaa na familia hiyo, usimwachie mtoto peke yake.

Ya nne, hadithi fupi ya video, naitaja tu. Kijana anaweka picha chache, anasoma maneno yake mwenyewe juu yake kwa dakika mbili au tatu. Kituo cha StoryCenter cha California kimeifundisha kwa miaka mingi. Inafaa sana kwa kijana ambaye sauti yake ni bora kuliko mwandiko wake. Ila wiki zinaliwa na kompyuta, na mazungumzo, ambayo ndiyo kazi yenyewe, yanabanwa.

Mwanga na usalama, njia yoyote utakayoshika

Vijana wengi wenye ngozi nyeusi tititi hukuambia hawatoki vizuri kwenye picha. Waeleze historia. Kwa miongo mingi maabara za Marekani zilisawazisha rangi za filamu kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na Kodak walianza kurekebisha filamu zao kwa rangi za giza baada ya malalamiko ya watengeneza chokoleti na fanicha. Kumbe lawama ni ya filamu. Kisha wafundishe: mtu akae karibu na dirisha, ukuta wa nyuma usiwe mweupe, na uguse uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Mtoto akijiona kwa mara ya kwanza amepigwa picha sawasawa, anakaa kimya kidogo. Mwache akae.

Kijana mweusi anayezunguka mtaani akielekeza kamera kwenye nyumba za watu anaweza kuitiwa polisi. Kwenye fotovoisi hatari hii ni kubwa zaidi kwa sababu kazi iko nje. Waende wawili wawili, mchana, wawe na kitambulisho cha kikundi, na mtu mzima awe karibu. Uso wa mtu mwingine haupigwi bila ridhaa yake, na ridhaa ya kupigwa si ridhaa ya kuonyeshwa ukutani. Ziombwe mara mbili. Kama kuna familia ambayo hadhi yake ya uhamiaji haijatulia, piga mikono, migongo, vivuli, vitu. Na zima alama ya mahali kwenye simu kabla ya picha kutumwa popote.

Basi, ipi?

Una wiki nne, huna fedha, na vijana hawajuani: albamu ya nyumbani, kwa vitu na si kwa picha pekee. Uko shuleni, una muhula na malengo ya kusoma na kuandika ya kutimiza: picha na maandishi, na usiogope kulitaja neno ubaguzi. Vijana wako wameshatikiswa, wana hasira, wanataka kusema kitu kwa mtu fulani, na huyo mtu amekubali tarehe: fotovoisi, bila kusita. Kumnyima kijana mwenye hasira ya haki mahali pa kuipeleka, ukampa mapambo ya kupanga, ni kumtukana.

Ukiwa na mwaka mzima, zifuate zote kwa mpangilio huohuo, kutoka ndani kwenda nje. Na ukiwa na kikundi mchanganyiko kama changu, usiwatenganishe Waafrika na Wamarekani Weusi hata kama lugha ingerahisisha. Tafsiri inachosha, najua. Vumilia.

Kikundi chetu kinaanza tena Septemba. Barua ya kwanza kwa wazazi haitaomba kamera. Itaomba kitu kimoja kutoka kabatini, na dakika 20 za mama, baba au bibi kukieleza kwa sauti, kwa lugha yoyote wanayootea ndoto.